"Kudos": mana yake, na namna ya kulitumia bila ya kuchekwa

Wiki chache nyuma bi mkubwa wa jikoni kwetu kanijia risepshen na simu mkononi, uso kaukunja, ananambia hebu nsomee hapa mwanangu, naona pweza wangu katajwa lakini neno la mwanzo silijui. Mie nnafanya kazi kwenye hoteli ndogo huku Kusini Unguja, upande wa Jambiani, na rivyuu za wageni ndo gazeti letu la asubuhi, kila mtu anataka kujua nani kasemwa. Mgeni kaandika hivi: "Kudos to the lady in the kitchen for the octopus curry." Sasa yule bi mkubwa usiku kucha hajalala, mana kijana wetu wa mizigo, ambae Kiengereza chake kakiokota pwani kwa watalii na hana wasiwasi nacho hata chembe, keshamwambia kuwa kudos ni kutia dosari, ati "si unaona mwenyewe bi, ku-dos, dosari, huyo kalalamika, pweza kawa mgumu."

Pweza mgumu! Mwambie mwanamke wa huku kila kitu lakini usimwambie pweza wake mgumu. Yule mama pweza anamnunua mwenyewe maji yakishatoka, kwa wanawake wanaorudi kutoka mwambani, anampiga juu ya jiwe mpaka mikono yake inamuuma, anamchemsha kwa maji yake mwenyewe bila ya chumvi, halafu ndo tui zito na bizari na ndimu. Kafanya hivo tangu mie sijazaliwa. Nikamwambia bi mkubwa tulia, huyo hakulalamika, huyo kakusifu, tena kakusifu mbele ya dunia nzima. Akanitazama kama namfariji tu.

Basi nikaona niandike, mana neno lenyewe siku hizi lipo kila pahala, kwenye imeli za ofisini, kwenye mashindano ya skuli, kwenye magrupu ya WhatsApp, na nusu ya watu wanalitupia tu kwa sababu wamewaona wengine wanalitupia.

Kudos ni sifa anayopewa mtu hadharani kwa jambo alilolifanya likaonekana. Kwetu tungesema heko, wengine wanasema kongole, na vijana wa sasa wanasema "apewe maua yake", na hiyo ya maua mie naona ndo iliyokaribia kabisa, kwa sababu maua unampa mtu watu wanaona, na unampa yule kwa kile, humpi tu kwa kuwa umekutana nae njiani.

Lakini ukitaka ikuingie kichwani isitoke tena, ifikirie taarab. Umekaa, violini zimeshapanda, mwimbaji kafika kwenye ule ubeti wenyewe kaivuta sauti, mara kule nyuma mama mmoja anainuka, anakuja mbele taratibu kwa maringo yake, noti kaishika juu kila mtu aione, anamtunza. Pesa ile ile angeweza kumpa baada ya shughuli, pembeni, kimya kimya, na mwimbaji angeshukuru vile vile, lakini hapo isingekuwa kutunza tena, ingekuwa kumpa pesa tu. Kule kuinuka na kupita mbele za watu ndo kwenyewe. Basi kudos ni kutunza kwa maneno. Kwa hiyo ukimsifu mtu faragha, nyie wawili tu, neno linaweza kutumika, halikatazwi, lakini utamu wake upo pale penye watu.

Asili yake sio Kiengereza. Ni Kigiriki cha kale, kydos, na kwenye tenzi za Homer, mshairi wao mkongwe, ilikuwa utukufu wa vitani, kitu ambacho mungu wao Zeus anampa mpiganaji siku yake ikifika, leo kwa huyu, kesho kwa adui yake. Karne ya 19 huko Uingereza vijana wa vyuo vikuu, waliokuwa wakisomeshwa Kigiriki wapende wasipende, wakaanza kulichomeka kwenye mazungumzo kama lugha yao ya mtaani ya kisomi, vile vile kama kwetu mtu aliyesoma chuoni miaka miwili hawezi kumaliza sentensi bila ya kutia neno la Kiarabu. Kufika miaka ya 1920 waandishi wa magazeti wa Marekani wamelikamata, na kweli ni neno zuri kwa gazeti, herufi tano tu.

Sasa hapo mwisho kwenye ile s ndo penye kazi.

Ile s sio ya wingi. Narudia kwa sababu hili ndo kosa namba moja na hata wenyewe wenye lugha wanalifanya: s ya kudos imezaliwa nayo, kama s ya chaos na cosmos, haina uhusiano na s ya books na boats. Hakuna kudo moja halafu kudos mbili. Ila Mmarekani alipoliona lile neno limeishia s akasema aa, kumbe ni wingi, basi moja itakuwa kudo, na kweli leo kamusi ya Merriam-Webster utaikuta kudo imo ndani, imeandikwa. Waingereza wengi wakiiona wanakunja pua.

Msiwacheke sana lakini, mana sisi tumefanya hivo hivo, tena zamani. Kitabu ni neno la Kiarabu, kitab, na wao wingi wake wanasema kutub, ile ki mwanzoni ni sehemu ya neno lenyewe, haina kazi nyengine. Mswahili akaiona ki akasema hii si ndo ki yetu ya kiti na kisu, basi vingi vitakuwa vitabu, na vikawa vitabu mpaka leo wala hakuna anaeshtuka. Mwalimu nae vivyo hivyo, ile mwa sio yetu, imetoka kwenye mu ya muallim, na tumeshapata walimu. Waingereza wenyewe kwenye mambo haya wazoefu, tunda lao la cherry walilichukua kwa Wafaransa likiwa na s mwishoni, wakaliona ni wingi, wakaikata. Kwa hiyo kudo ni kitabu chao. Tofauti ni kuwa vitabu vimeshakuwa halali na kudo bado ipo mlangoni inabisha, kwa hiyo wewe unaeandika imeli ya kazi usijiingize kwenye ugomvi wa watu, andika kudos tu basi, na ukitaka kusema nyingi sema "a lot of kudos" au "much kudos", achana na "many kudos", na ile "kudoses" niliyoiona kwenye cheti kimoja cha semina Mungu atusamehe. Wala usiseme "a kudos". Ikiwa lazima kitenzi kije nyuma yake, "kudos is due" ndo salama, ingawa "kudos are due" utaiona sana kwa Wamarekani na hakuna atakaekufunga.

Matamshi ni mepesi. Mwengereza anasema kyudos, na mwisho wake s kavu kama ya "basi" ukiikata i. Mmarekani mara nyingi hana ile y, anasema kuudous, na wengi wao mwisho wanaitetemesha kama z, kuudouz. Chagua yako, ila nguvu ya sauti iwe mwanzoni, KU. Na hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe, sisi tukishaona neno limeishia konsonanti roho haitulii mpaka tuongeze irabu, tunasema kudosi, na ukishaongeza ile i basi mkazo unakimbia wenyewe unahamia katikati, kuDOsi, kwa sababu Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo mgeni hakuelewi tena, anafikiri unamtajia kijiji.

Kulipanga kwenye sentensi. Mtu anakuja na "to", jambo linakuja na "for". Yule mgeni wa pweza kafanya vizuri sana, kudos to nani, the lady in the kitchen, for nini, the octopus curry. Ikiwa jambo lenyewe ni kitendo basi kitenzi kiishie ing: "Kudos to our captain for bringing us back before the rain", yaani heko kwa nahodha wetu kwa kuturudisha kabla ya mvua. "Kudos on" pia ipo, watu wanaitumia kwa kitu kilichokamilika, mfano mtu kamaliza kujenga duka lake. Kinachokatazwa ni kulifanya kitenzi, na sisi hili linatukamata kwa sababu lile ku mwanzoni linatudanganya, linafanana na kusoma na kupika, mtu anaona sasa hapa pana kitenzi kizima, anaandika "I kudos you", "we kudos the teachers". Hapana. Ukitaka kitenzi kiazime kengine, unatoa kudos, unapata kudos, unastahiki kudos: "she deserves kudos for that". Na ikiwa hutaki shida sema "I praise" au "well done" ulale zako.

Kuna mana nyengine ya pili ambayo Waingereza wanaitumia sana na sisi hatuijui, na mie naipenda kwa sababu Kiswahili cha mtaani kina neno lake kabisa, nalo ni ujiko. Hapo kudos sio pongezi ya mdomo, ni ile heshima na kujulikana kunakomganda mtu kwa sababu ya kazi yake au pahala alipo. Unaweza kusoma "the job pays little but there is kudos in it", kazi mshahara mdogo lakini ina ujiko. Au fundi wa ngalawa kijijini, mzee, watu wanatoka mbali kuja kumwona anachonga, pesa haijai mkono, ila kudos anayo. Kwenye mana hii huwezi kuliweka mwanzo wa sentensi na kupiga alama ya mshangao, linakaa ndani kama jina la kawaida.

Halafu tatizo letu kubwa, na hili ni la Kiswahili wala sio la Kiengereza, ni hongera. Hongera yetu ni shuka pana, inafunika kila kitu. Kaoa, hongera. Kazaa, hongera. Karudi Hijja, kafaulu, kahamia nyumba mpya, hongera hongera hongera, na akifanya kazi nzuri pia hongera. Mwengereza kaikata shuka vipande viwili. Jambo la kheri limemfikia mtu, "congratulations". Mtu kafanya kazi ya kusifiwa, "kudos". Yanagusana, mtihani kwa mfano unaweza kwenda huku na huku, lakini harusi haiendi. Ukimwandikia bwana harusi "kudos to you" inakuwa kama unasema kazi kubwa sana umeifanya kumpata huyo, na bibi harusi akisoma pale sijui atakuangaliaje.

Na kuna walioivusha mbali zaidi. Kwenye grupu la mtaa wetu mjini lilitoka tangazo la msiba, maziko baada ya sala ya adhuhuri, watu wanateremsha Inna lillahi moja baada ya moja, mara kijana mmoja ambae kila posti ya ofisini kwao anaona watu wanaandika kudos, kaona bila shaka hili ni neno la heshima la kila pahala, kaandika "Kudos to the family" na vile vikono viwili. Grupu kimya. Halafu mzee mmoja, Mungu amzidishie, akajibu Amin, na baada yake wengine wanne nao wakaandika Amin, wamedhani ni dua.

Mie nami nina yangu. Mgeni mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alirudi kwao akaleta boksi la vitabu kwa watoto wa skuli ya kijijini, nikamwandikia kwa furaha zangu "Kudos for the books!" Akajibu kwa upole kabisa kuwa amefurahi, miaka mingi hajasahihishwa daftari lake. Nikacheka, halafu baadae usiku ndo nikaelewa nimesema nini. Kudos sio ahsante. Anaetoa kudos ni kama kasimama pembeni kaitazama kazi ya mtu, kaipima, kaipa maksi. Mtu akikupa zawadi humpi maksi, unamshukuru. Tangu siku ile nikiona mkono wa mtu umenifikia mie, naandika "thank you", nikiona mkono wa mtu umewafikia wengine au kafanya jambo gumu, hapo ndo kudos.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya maksi, kuweni na adabu na wakubwa. Kwetu mdogo hamsifii mkubwa kwa kumpigapiga begani, na kudos ina kibega ndani yake. Barua ya kwenda kwa waziri au kwa mkuu wa chuo usiandike "Kudos to you sir", sio tusi, ila ni kama umekwenda ofisini kwa mtu na ndara. Kwenye barua rasmi andika "I wish to commend" au "we are grateful", ni ndefu, ni kavu, lakini zimevaa. Kudos inakaa vizuri kwa wenzako, kwa timu, kwa walio chini yako, kwa mtu usiemjua kafanya zuri. Mlinda mlango kaokoa penalti uwanja wa Amaan dakika za mwisho, hapo piga kudos mpaka uchoke.

Pia usiichanganye na "accolade", mana hizi mbili nimeona watu wanazibadilisha kama kandambili. Accolade ni sifa iliyogeuka kitu, tuzo, cheo, cheti, ina siku na ina mtoaji rasmi. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa Unguja, alipopewa Nobel ya fasihi mwaka 2021, ile ni accolade. Bi Kidude alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, accolade. Ukaandika mtandaoni siku ile kuwa Bi Kidude hana mfano kwa ile sauti na ile ngoma, hiyo ni kudos. Accolade inahesabika, moja, mbili, tatu, unaiweka kabatini na mjukuu anaifuta vumbi. Neno lenyewe limetoka kwenye shingo, la Kilatini, mana zamani Ulaya mtu akipandishwa kuwa askari wa farasi wa mfalme alikuwa anakumbatiwa shingoni, baadae ukaja ule mchezo wa upanga begani.

Nisisahau kejeli, na Zanzibar ndo kwetu mafumbo, hata ile noti ya kwenye taarab mara nyengine haimtunzi mwimbaji, inapitishwa makusudi mbele ya jicho la mtu fulani. Waingereza nao wanaipindua kudos hivo hivo. Ukikuta kwenye friji ya ofisi pamebandikwa "Kudos to whoever finished the milk", usidhani kuna mtu anasifiwa. Dalili yake ni kuwa jambo lenyewe halina la kusifiwa na mtu hakutajwa jina. Wewe ukiwa unasifu kwa kweli basi mtaje mtu na litaje jambo, mana ile "Kudos!" moja tupu chini ya picha ni kama boflo kavu asubuhi, utakula lakini.

Kumpa bi mkubwa somo hili lote pale risepshen haikuwezekana, mgeni alikuwa anasubiri ufunguo, kwa hiyo nilimwambia tu kuwa mtu kaja mbele ya watu wote kakutunza kwa ajili ya pweza wako. Hapo uso ukafunguka. Akanambia basi mjibu, mwambie ahsante, na mwambie nikipata ngisi wazuri arudi. Nikaandika kama alivyosema, "Thank you, and come back when there is squid." Kijana wa mizigo nae hakukubali kushindwa, siku hizi akipita jikoni anapiga kelele "Bi Kudosi!", na ule mkazo wake katikati, kuDOsi, na bi mkubwa anaitika.